Uzi Ambao Bibi Hausikii Tena

Karakana ya Fundi Donatus,
Kakola.
Jumatatu, 2 Machi 2026.

Mpendwa Shangazi Apolonia,

Shikamoo shangazi. Niitikie hukohuko uliko, hata kama uko kwenye treni, mimi nitaipokea. Habari za Ubelgiji? Habari za baridi? Na habari za kidole gumba? Maana Desemba ulisema baada ya yale maonyesho kumi na manne ya Krismasi kilikuwa kinakufa ganzi, halafu tangu hapo hujakitaja tena. Nimekiombea. Mama anasema nimeishiwa, sasa nawaombea watu vidole.

Sisi tunaendelea. Mvua zimekuwa nzuri, mahindi ya Baba kule Ushirombo yameshabeba, na nyani mwaka huu hawajashuka. Baba mzima, bado anakutania kama vile uko chumba cha pili. Mama mzima. Fundi Donatus mzima ila amenuna, sababu utaiona mbele. Mimi mzima, nimejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Bibi sijamtaja hapo juu. Nimemwacha makusudi. Bibi ndiye barua yenyewe, na yeye ndiye aliyenikataza kuiandika. Nivumilie shangazi, nifike taratibu, maana nikianzia hapo nitaharibu karatasi, na nimenunua chache.

Kwenye simu siwezi. Ukipiga nyumbani Bibi anakaa pembeni, na mimi sijawahi kumdanganya Bibi huku ananitazama. Halafu kuna kitu lazima kiingie kwenye bahasha. Sista Aneth wa misheni pale Ushirombo anasafiri Jumatano ya wiki ijayo, anakuja hukohuko kwenu kwenye nyumba ya shirika lao. Amekubali kubeba. Ameniuliza ndani kuna nini, nikamwambia uzi. Akasema uzi haumfungi mtu, lete.

Unakumbuka msiba wa Babu, 2014? Ulikuja siku nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kila mtu alikuuliza huko unafanya kazi gani, ukasema unapiga luti, lile gitaa la kale la Ulaya lenye tumbo la mviringo, Babu Mwigulu, mdogo wake marehemu, akauliza, "Inalipa?" Ukacheka tu. Luti yenyewe hukuja nayo, ulisema ukiiweka kwenye mizigo ya ndege inapasuka kama yai. Mimi nikakung'ang'ania jikoni, nataka kuiona, nataka kuiona, mpaka ukachukua mwiko wa ugali ukaushika kama shingo, mkono wa kulia ukauweka kwenye ukingo wa meza, ukanipigia. Vidole vya kushoto vinatembea kwenye mwiko, vya kulia vinachuma mbao. Sauti ilikuwa ya nyama ya vidole tu. Tap, tap-tap, tap. Bibi alikuwa anachambua mchele, akasimama, akatazama mpaka mwisho. Baadaye akasema, "Sasa huo ndio wimbo au ndio unautafuta?"

Shangazi, mimi tangu siku ile nimekufuatilia kama watu wanavyofuatilia timu.

Najua ulianza na gitaa la kwaya pale misheni, lile lililobaki na nyuzi nne. Najua chuo cha ualimu, najua ufadhili, najua ulikwenda kusoma gitaa, halafu siku moja unapita kwenye korido ukasikia luti kwa mara ya kwanza nyuma ya mlango, ukasimama hapo mpaka kipindi chako kikaisha bila wewe. Najua miaka miwili ya kuosha vyombo hotelini, vidole vimevimba kwa sabuni na bado unafanya mazoezi. Na najua ile Ijumaa Kuu. Mpiga luti wa kundi lenu la sasa aliugua, wakakupigia saa tano asubuhi, saa kumi ulikuwa umekaa mbele ya watu mia sita na karatasi ambazo hujawahi kuziona. Noti za besi tu, na vinamba chini yake. Zilizobaki zote unazitoa mwenyewe kichwani, hapohapo, wakati waimbaji wanaendelea.

Hiyo ya vinamba ilinimaliza kabisa. Nilipoielewa niliruka. Ni sawa na fundi anapewa msingi halafu anaambiwa, nyumba unaijua, jenga, na wenye nyumba wameshaanza kuhamia!

Nimejifundisha mwenyewe, kwa simu, kwa bando la usiku, kwa kurudia. Zile tabulatura za zamani, mistari na herufi, wala si ngumu kama noti. Mstari ni uzi, herufi ni mahali pa kidole. Mtu wa miaka mia nne iliyopita anakuambia weka kidole hapa, unaweka, na sauti yake inatoka Kakola. Mimi siku ya kwanza nilitazama nyuma.

Na nimejifunza kukusikia wewe. Hilo ndilo lilichukua muda. Ile Pasaka mliyorekodi kwenye kanisa kubwa ina saa moja na dakika hamsini na mbili. Nimehesabu, kamera imekuonyesha sekunde kumi na moja. Kumi na moja, shangazi! Yule wa filimbi ameonyeshwa mpaka tundu za pua. Basi nikafumba macho, nikaweka spika za masikioni, nikashuka chini ya waimbaji, chini ya vayolini, chini kabisa, nikakukuta. Uko pale muda wote. Ukinyamaza kidogo tu, wale wa juu wanakuwa kama watu waliosimama kwenye stuli ya miguu miwili. Sasa hivi siwezi tena kusikia kitu kingine kwenye ile rekodi. Nakusikia wewe tu.

Baba bado hajakusamehe ile ya Japani. Siku uliyosema tiorba, ile luti yako kubwa ya shingo ndefu, imekatiwa tiketi yake ya ndege na imefungwa mkanda dirishani, Baba alisimama katikati ya sebule. "Gitaa limekaa dirishani! Mama yangu mzazi hajakaa hata kwenye treni!" Bibi akamjibu palepale, "Kaa kimya Boaz. Hilo gitaa lina adabu kuliko wewe."

Anakutetea hivyo kila siku. Lakini hajawahi kukusikia. Miaka yote hii, hajawahi. Tangu zamani ukimpigia kwa simu alikuwa anasikia maneno yako vizuri, ukianza luti anasema imekatika. Nimechunguza, simu haijakatika. Simu inadhani luti ni kelele za nyuma, inaifuta ili maneno yasikike. Yaani ukiongea unafika, ukipiga hufiki. Na rekodi nikimwekea anasema, "Hao ni wengi. Nionyeshe wangu." Nitamwonyeshaje?

Mwaka jana nikaamua nitengeneze luti mwenyewe. Mbao ninazo, gundi ninayo, fundi ninaye. Nilikata mninga vipande vyembamba tisa, kila kimoja kama ubavu, nikavikunja kwenye bomba la chuma lililojazwa makaa. Vinne vya kwanza vilivunjika, cha tano kikakubali, kikajikunja taratibu kama kinasinzia. Uso nimetumia mbao ya kreti ya vipuri, mbao laini nyeupe, nikaipiga randa mpaka mwanga ukapita. Fundi Donatus alikuwa anasema, "Nelly, watu wanasubiri vitanda." Namwambia hiki nacho ni kitanda. "Cha nani?" Cha sauti. "Na huyo sauti ametoa advansi?"

Nyuzi ndizo zilinishinda. Za besi tatu nilinunua za gitaa pale Kahama. Lakini nne za juu nilitaka kama zenu, za utumbo. Za nailoni zinalia kama mtu anayetabasamu bila kutaka. Nikazunguka mabucha yote ya Kakola. Utumbo huku hauchelewi, saa mbili asubuhi watu wa supu wameshabeba, na umeshakatwakatwa. Mimi nilitaka mzima, mrefu, haujaguswa na kisu. Miezi mitatu sijaupata.

Sasa Bibi.

Mwezi wa tisa alianza kujibu mambo ambayo hayajaulizwa. Unamwambia Bibi chai imepoa, anakwambia wameondoka jana. Tukawa tunacheka, na yeye anacheka, kumbe anacheka kwa sababu sisi tunacheka. Mama ndiye aliyegundua. Alidondosha sufuria nyuma yake, Bibi hakugeuka.

Baba akampeleka Mwanza kwa daktari wa masikio. La kulia limekwenda. La kushoto linakwenda. Daktari alisema ni mishipa ya sikio, ni umri, hairudi. Inaweza kwenda polepole, inaweza kukimbia, hakuna anayejua. Akampa mashine ya kuvaa. Bibi aliivaa siku mbili akaivua, eti inamletea pikipiki zote za Ushirombo na jogoo wa jirani, na sauti ya mjukuu wake inakuwa kama bati linalokwaruzwa. Imo kabatini. Kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine kali zaidi. Najua ndicho ulichowaza sasa hivi.

Babu Mwigulu akasema hospitali ni sawa, lakini na wazee waliotangulia waambiwe. Mbuzi achinjwe. Unamjua huyo baba yako mdogo alivyo, yeye ndiye anashika mambo yote ya kaya. Bibi akasema yeye ni mama wa rozari, mbuzi hana analolijua. Halafu akasema, "Haya mchinjeni, nyama tutakula."

Na wewe unaijua desturi yetu. Mbuzi wa namna ile hatoki nje ya ua. Nyama, kichwa, miguu, matumbo, kila kitu kinamalizikia uani, na kisicholika kinafukiwa zizini. Wewe unaijua kwa sababu umekuzwa nayo. Mimi nimekulia mjini Kahama shuleni, nilikuwa nimeisikia kama mtu anavyosikia matangazo ya kanisani akiwa ameshasimama kutoka.

Nilifika wameshachinja. Nikaona beseni. Shangazi, utumbo mzima! Haujakatwa! Umejikunja mle unang'aa, mrefu hauishi. Sikuwaza mbuzi, sikuwaza wazee, nakuambia kweli sikumuwaza hata Bibi. Nikawaambia kina mama, mpumzike, nitauosha mimi. Wakanisifu. Nikaenda nyuma, nikauweka kwenye ndoo yenye mfuniko, nikapanda pikipiki mpaka barabarani, gari mpaka Kahama, gari mpaka Kakola, ndoo mapajani. Kwenye supu wakadhani mwenzao ameutia, kila mmoja akadhani hivyo.

Nikaukwangua kwa mgongo wa kisu, nikauloweka kwenye maji ya majivu siku nane, nabadilisha maji kila asubuhi. Harufu! Mteja alikuja kuchukua kabati akasimama mlangoni, akamuuliza Fundi, "Hapa ni seremala au machinjio?" Hapo ndipo Fundi alianza kununa. Kisha nikausokota ungali mbichi, nikauvuta kati ya misumari miwili ukutani, ukakauka, nikausugua kwa msasa laini. Nikapata nyuzi nne. Ule wa kwanza kabisa, mwembamba, ulikatika mara mbili kabla haujanikubali. Mara ya tatu nikaukaza, nikaugusa. Nje makrasha yalikuwa yanasaga mawe ya dhahabu kama kawaida ya huku, ardhi inatetemeka, na bado niliusikia. Mdogo, mkali, wa peke yake. Nililia bila sababu yoyote ya maana.

Krismasi nikaipeleka luti nyumbani nikijiona nimeshuka na ndege. Wote wamekaa, nimevaa gauni la kitenge, nikapiga kipande kile cha kwanza ulichonitumia. Nimekosea mara tatu lakini nikamaliza. Wakapiga makofi. Babu Mwigulu akaishika, akaigeuza, akagusa nyuzi.

"Hizi ni nailoni?"

Nami kwa sifa zangu, "Hapana babu. Utumbo wa mbuzi, nimetengeneza mwenyewe."

"Mbuzi gani?"

Shangazi, ungekuwepo. Mama aliacha kumimina chai. Mimi mdomo uko wazi, na ndio kwanza desturi yote inaniingia kichwani, neno kwa neno, miezi miwili imechelewa.

Babu akasema polepole, "Tumechinja kwa ajili ya sikio la mke wa kaka yangu. Wewe dawa umeibeba kwenye ndoo, umekwenda kuitengenezea gitaa." Mama akaanza kulia. Baba akasema daktari alishaeleza, Babu akamwambia, "Boaz, daktari wako alikula nyama?" Na hapo wote wakamtazama Bibi, maana ni kweli, tangu mbuzi yule sikio lilikuwa limezidi kuziba. Wanalisema mpaka leo pale kijijini, kwamba mimi ndiye niliyemziba. Mimi naamini maneno ya daktari. Lakini kuna saa siamini.

Bibi alikuwa anawatazama midomo. Akauliza, "Mnagombania nini?" Baba akamwelezea sikioni. Akafikiri. Akasema, "Kabla hamjazifukia hizo nyuzi, nataka nizisikie."

Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Akafumba macho, akaweka sikio la kushoto karibu kabisa na tumbo la luti, akaniambia nipige mmojammoja nikianzia ule mnene, na yeye atanyoosha kidole akisikia. Nikapiga wa saba. Kidole. Wa sita. Kidole. Wa tano, wa nne, wa tatu, wa pili, kidole, kidole. Nikapiga wa kwanza, ule wangu mwembamba. Mkono umetulia. Nikapiga tena kwa nguvu. Umetulia. Akasema amefumba macho hivyohivyo, "Piga basi, nasubiri."

Nikamwambia nimeshapiga, Bibi.

Akafungua macho, akaniangalia, akatabasamu kwa kunihurumia. Mimi! Ananihurumia mimi!

 Babu Mwigulu akatoa hukumu, na nakuandikia kama alivyosema. "Zimetoka uani, zirudi uani. Lakini aliyezichukua ni mtoto wa kaya. Mkononi mwa mtoto wa kaya hazijapotea, zimechelewa tu. Siku zikirudi, zirudi zote, na zirudi kwa mkono. Hazitumwi."

Tulipobaki wawili Bibi akaniambia nisikuandikie habari za sikio. "Yule anafanya kazi kwa kuitwa. Akikataa mara mbili hawaiti tena. Na ukimwambia, atakuja analia, na mtu anayelia hapigi kitu." Nikamwahidi. Ahadi hiyo ndiyo naivunja hapa, kwa kalamu ya Fundi Donatus.

Maana tangu hapo, kila Jumapili nikipata nafasi ya kwenda nyumbani, tunapima. Ni yeye anayetaka. Mwisho wa Januari alinyoosha kidole mara tano. Jana ilikuwa nne.

Akaniuliza, "Umepiga saba?"

"Saba, Bibi."

"Nimesikia nne." Akaishika ile luti kwenye mbavu, akaipapasa kama anamsugua mtoto mgongo. Akasema, "Basi, tuache kupima. Hizi zilizobaki tusizimalize kwa majaribio. Ni za Apolonia."

Unaona shangazi? Kwa mdomo anasema usiitwe. Huku amekuwekea akiba.

Kwa hiyo hatupimi tena. Leo sijui ni ngapi. Inaweza kuwa nne bado, inaweza kuwa tatu. Na mimi hapa kazini randa inapita kwenye mbao na nawaza hilo tu, na nimekosea vipimo vya mlango wa watu.

Nikawaza kitu kingine pia, leo asubuhi, na ndicho kilichonifanya nikimbie kununua karatasi. Zilizokufa kwake ni zile nyembamba, za juu, zinazoimba. Zilizobaki ni za chini. Na wewe kazi yako yote, miaka yote hii, ni ya chini! Ile tiorba yako ina zile nyuzi ndefu kama kamba ya kisima, zile zinazoshikilia wenzio, zile ambazo kamera haina habari nazo. Ukija na vayolini zote za Ulaya Bibi hatasikia kitu. Amebakiwa na sikio la kukusikia wewe tu. Sijui nikuambieje zaidi ya hapo.

Ndani ya bahasha umeuona uzi. Ni ule wa kwanza, nimeuvua leo. Hapa hauna mtu wa kumwimbia. Umetoka mkononi mwa mtoto wa kaya umeingia mkononi mwa mtoto wa kaya, kwa hiyo haujapotea. Lakini unajua hukumu ya Babu. Urudi na wenzake, kwa mkono, hautumwi. Ukijaribu kuurudisha kwa Sista Aneth nitasema sijaupokea. Nikasirikie. Nimekuwekea mtego, nakiri, na nimeusokota mwenyewe kwa siku nane za harufu.

Nimeangalia kalenda ya kundi lenu kwenye mtandao. Najua Kwaresima ndiyo msimu wenu, najua Pasaka huwezi, hujawahi kuweza, na sikuombi uiache Ijumaa Kuu. Lakini kuanzia tarehe nane Aprili mpaka thelathini hakuna kitu kimeandikwa. Siku ishirini na tatu nyeupe. Labda kuna kazi ambazo hawajaziweka. Kama zipo, zikatae mara moja tu, hiyo ya kwanza. Bibi alisema ni mara mbili ndiyo hawaiti.

Ukija usije umevaa huzuni. Yeye atajifanya anasikia kila kitu, wewe mwache ajifanye. Sogeza kiti mpaka magoti yagusane. Anza na uzi wa chini kabisa. Usiharakishe kupanda.

Na mimi nikae mlangoni. Sitaki kitu. Nimekusikia miaka hii yote chini ya watu wengine, nataka siku moja nikusikie hakuna mtu juu yako.

Baba anakusalimu, yeye na Mama wanajua naandika. Mama anasema njoo na kidole gumba kikiwa kizima. Babu Mwigulu anakusalimu sana, ameuliza tena kama inalipa. Fundi Donatus hakujui lakini anakusalimu, anasema ukija uchukue mwanafunzi wako umpeleke mbali na vitanda vyake. Sista Aneth atakukumbatia mwenyewe.

Bibi hakusalimu. Hajui kama nakuandikia.

Mungu wa Bibi na wazee wa Babu Mwigulu wakulinde wote pamoja, wakutunzie mikono, wakufungulie njia. Wabeja shangazi, asante kwa kila kitu, hata kwa ule wimbo wa mezani.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukusubiri,

Nelly Boaz